Pipa Lililoanguka Mlowo

Makumbusho ya Jamii,
Ghala la zamani la kahawa,
Mlowo, Mbozi.
3 Juni 1996

Mzee Makame Haji,
Tunduma.

Shikamoo Mzee.

Hunijui. Naitwa Judith Nzowa, mwalimu wa historia hapa Mlowo. Jina lako nimepewa na Bwana Watson Siame, muuza vipuri wa hapo Tunduma. Aliniambia kama nataka habari za barabara hii kabla haijawekwa lami, nisihangaike na mtu mwingine, nikuandikie wewe.

Tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata kahawa huko huko mashambani, ghala la ushirika lilibaki na popo tu. Mwaka jana tuliliomba, tukalifagia, tukaligeuza nyumba ya makumbusho. Usidhani ni jambo kubwa. Ni chumba kimoja kirefu chenye madirisha manne. Upande wa kulia tumeweka mivukuto na mirija ya udongo ya wahunzi waliokuwa wakiyeyusha chuma huku enzi za babu zetu, na nguo ya pamba iliyofumwa kwa mkono, ambayo bibi mmoja aliileta ameikumbatia kama mtoto mchanga, akanilazimisha niape kwamba haitaliwa na panya.

Upande wa kushoto ni wa barabara. Nataka watoto wajue kwamba mwaka 1966 na 1967, Zambia ilipofungiwa njia ya kusini, mafuta yao yalipita hapa mbele ya milango yetu, juu ya malori, ndani ya tope. Enoka, mchoraji wetu wa mabango ya maduka, ameanza kuchora ukutani lori lililokwama. Shida ni kwamba Enoka alizaliwa mwaka sabini, na lori alilochora linafanana na basi la juzi.

Kama una picha ya siku zile, tuazime. Na tunakuomba uje ututolee maneno machache siku ya ufunguzi, Jumamosi tarehe 14 Septemba. Kutoka Tunduma ni mwendo wa saa moja tu. Nitakupokea stendi mimi mwenyewe.

Wako,
Judith Nzowa


Tunduma
14 Juni 1996

Mwalimu Judith,

Marahaba. Barua yako imenifika kwa mkono wa konda wa basi, na nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili binti yangu Zakia asikie kwamba baba yake kumbe anajulikana mpaka kwa walimu.

Mwambie Enoka afute. Lori letu lilikuwa na pua ndefu, na taa zimekaa mbali na kioo kama macho ya chura. Asichore milango. Milango tuliing'oa, maana lori likianza kuteleza kuelekea korongoni hakuna muda wa kutafuta kitasa, mtu anaruka. Magurudumu ya nyuma ayafunge minyororo. Na tope asilichore jeusi. Kuanzia Iringa kuja huku tope lilikuwa jekundu, likikauka usoni linakuvuta ngozi, ukicheka linapasuka.

Siku ya kwanza nilipotoka Dar es Salaam na mapipa ya mafuta nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mtoto wa Makunduchi aliyezoea njia za mchanga. Nilifika Tunduma siku ya kumi na moja. Wenzetu wengine hawakufika. Ukipita mahali ukaona nyasi zimeungua katika duara, hukuuliza, ulitoa kofia ukaendelea. Nilipouacha usukani mwaka sabini na moja nilikuwa nimeshazika watu wanane niliokula nao sahani moja.

Ninakutumia picha. Aliyesimama juu ya bampa ni mimi, aliyeshika kamba ni utingo wangu, Abdulrahim, marehemu sasa. Itunze, sina nyingine.

Ama kuja huko, Mwalimu, naomba unisamehe. Magoti yangu hayapendi basi. Na Mlowo sipajui sana, tulikuwa tunapita tu.

Makame Haji


Mlowo
1 Julai 1996

Mzee Makame,

Shikamoo, na asante. Picha yako imekwisha kuwekwa kwenye fremu, ipo ukutani mahali ambapo mtu akiingia ndipo jicho linapotua. Enoka alipoambiwa habari ya milango alikaa chini akacheka, kisha akachukua brashi. Sasa lori lake linatisha kweli. Wanafunzi wangu hawataki kusimama karibu nalo.

Kuhusu magoti, nitamwomba dereva akupe kiti cha mbele. Usinikatalie mapema.

Nakuomba kazi moja zaidi. Nimeandika vibao vya kuelezea vitu vya upande wa barabara, na wewe ndiye unayeweza kunisahihisha. Kimoja nakinakili hapa, maana kitu chenyewe ndicho watu wengi watakachokijia:

"PIPA LA MAFUTA. Mwezi Machi 1967, katika kilima cha kutoka mtoni, pipa hili lilianguka kutoka kwenye lori lililokuwa likirudi Dar es Salaam. Lilimpiga mtoto wa kike wa miaka saba, binti wa Yonathani Haonga. Dereva mzembe hakusimama. Familia imelihifadhi pipa hili kwa miaka ishirini na tisa."

Lina mstari wa rangi ya kijani katikati, na mfuniko una alama iliyofutika. Je, rangi hiyo ilikuwa ya kampuni gani? Ungeweza kujua hata lori lilikuwa la nani? Wazee hapa bado wanauliza.

Wako,
Judith


Tunduma
29 Julai 1996

Kwa Mwalimu Judith,

Mimi ni Zakia, binti wa Mzee Makame. Samahani kwa kukuandikia bila kufahamiana.

Nataka kujua ulimwandikia nini baba yangu. Siku barua yako ya mwisho ilipofika alikuwa anakunywa uji hapa dukani kwangu. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni, na ule uji haukuisha mpaka leo. Sasa ni wiki ya nne. Anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Hakai tena barazani na wenzake. Nikimwuliza ananiambia, "Hakuna kitu, mama." Juzi nimemkuta anapanga nguo, anasema anarudi Makunduchi akafie kwao. Baba yangu ana miaka hamsini na minane, na kwao hajakanyaga tangu marehemu mama yangu, Mwanakombo, alipokuwa hai.

Neno moja tu amelisema juu yako: "Mwandikie yule mwalimu aitoe ile picha ukutani."

Basi itoe. Na kama kuna neno baya umemwambia, tafadhali liondoe pia. Mimi sina mzazi mwingine.

Zakia Makame


Mlowo
2 Agosti 1996

Mzee Makame,

Shikamoo. Nimepata barua ya Zakia na nimeona aibu.

Picha nimeitoa leo. Iko kabatini kwangu, imefungwa kwenye kitambaa, nitaituma kwa mtu wa kuaminika.

Nadhani nimelijua kosa langu. Wewe umeniandikia habari za wenzako walioungua barabarani, nami nikakujibu kwa kibao kinachomwita mwenzenu mzembe. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha shule, sijawahi kushika usukani, nahukumu watu waliokuwa wanaendesha bila milango. Nisamehe. Neno "mzembe" nimelifuta.

Lakini "hakusimama" sikulifuta, Mzee wangu. Nimelifikiria sana. Hakusimama, na familia ile inastahili liandikwe. Natumaini utanielewa hata ukinikasirikia.

Tafadhali kula. Binti yako ana hofu.

Judith


Tunduma
9 Agosti 1996

Mwalimu Judith,

Umefanya vizuri kutolifuta. Hakusimama. Ninajua, kwa sababu alikuwa ni mimi.

Nakuandikia taratibu, lakini nimeamua leo baada ya sala ya Ijumaa kwamba nitaimaliza barua hii.

Tulikuwa tunarudi na mapipa matupu. Ilikuwa kama saa kumi alasiri, mvua imekatika, ukungu umekaa mtoni. Kilima kile tulikipanda kwa gia ya kwanza, polepole kuliko mtu anavyotembea. Watoto walikuwa nyuma yetu, kama kila siku. Walipenda kujifanya wanatusukuma, nasi tukifika juu tuliwarushia biskuti. Lori lilipoteleza upande likajishika tena, nikasikia mshindo nyuma, halafu makelele. Nikatazama kioo. Nikaona gauni la manjano chini kwenye tope. Halikutikisika.

Mguu wangu ulikuwa umekwisha kukanyaga breki. Abdulrahim akanishika mkono. "Makame, usisimame. Ukisimama hapa hatutoki." Wiki ile ile dereva mwenzetu alikuwa amepigwa mawe mbele ya safari kwa kugonga ng'ombe. Ng'ombe, Mwalimu, na huyu alikuwa mtoto. Nikaondoa mguu kwenye breki.

Simlaumu Abdulrahim. Yeye alikuwa na mdomo tu, miguu ilikuwa yangu.

Pipa sikuliona. Mapipa yalikuwa mengi, na tulipofika Dar moja likakosekana, hakuna aliyeuliza, barabara ilikuwa inakula vitu vingi. Miaka yote hii nimeamini ni magurudumu yangu ya nyuma. Kwa barua yako ndiyo nimejua ni pipa, na ukinijulisha kuna tofauti gani nitakushukuru, mimi sijaiona.

Nimepita Mlowo mara nyingi tangu hapo. Sijashuka hata mara moja. Mwaka themanini na tatu basi liliharibikia hapo hapo sokoni, abiria wote wakateremka kula, mimi nikakaa ndani kwenye jua saa tatu nzima, mke wangu ananiuliza naumwa nini. Mwanakombo amekufa hajui. Zakia hajui. Nilikudanganya kuhusu magoti. Magoti yangu mazima.

Naomba mambo mawili. Niandikie jina la mtoto, niwe namtaja ninapomwombea, maana nimekuwa nikisema "yule mtoto" tu. Na kama Mzee Yonathani yu hai, mwulize kama ataniruhusu nije nilione kaburi. Akikataa nitaelewa. Ukitaka kulisoma jina langu mbele ya watu siku ya ufunguzi, lisome, sitakana.

Makame Haji


Mlowo
10 Agosti 1996

Mzee Makame,

Yu hai.

Nimeliandika kwanza ili usihangaike kulitafuta. Yu hai, Mzee wangu, hakufa, hakuna kaburi. Anaitwa Jenista. Nimemwona leo asubuhi sokoni, nyuma ya makumbusho, anabishana na mnunuzi wa maharage, na sauti yake nilikuwa naisikia nikiwa ndani huku dirisha limefungwa. Ana watoto watano. Alivunjika mguu, ukaunga.

Mungu anisamehe. Niliandika kibao kile kwa ajili ya watu wa hapa, na hapa hakuna asiyemjua Jenista. Haikunijia akilini kwamba mtu wa mbali akisoma "lilimpiga mtoto" na "familia imelihifadhi" ataona maziko. Tangu tarehe mosi Julai nimekuacha na maiti isiyokuwepo. Najiita mwalimu wa historia.

Barua hii nampa konda wa basi la saa saba mkononi, nimemwapisha akupe wewe mwenyewe, asimwachie mtu.

Sijamwambia Jenista chochote. Siri ni yako. Niambie unataka nifanye nini.

Judith


Tunduma
10 Agosti, jioni

Mwalimu,

Konda ananisubiri hapa mlangoni, nashindwa kuandika vizuri. Zakia ananiuliza kwa nini nalia.

Mwambie. Mwambie yote, hata la breki.

Makame


Mlowo
20 Agosti 1996

Kwa Mzee Makame,

Shikamoo Baba.

Mimi ndiye Jenista Haonga. Mwalimu alitaka kuniandikia barua hii nimekataa, nilisoma mpaka la saba, mwandiko ninao. Ukiona nimekosea utavumilia.

Mwalimu alinisomea barua yako tumekaa kwenye gunia. Aliponiuliza "Unasemaje?" nikamwambia sina la kusema, nikaenda nyumbani nikapalilia bustani yote ambayo haikuwa na majani. Nimekaa siku kumi. Sasa ninalo la kusema.

Kwanza mguu. Ulivunjika chini ya goti. Baba alinibeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni, akateleza mara mbili, mara zote mbili aliangukia kifua ili mimi nisiguse chini. Nikakaa huko miezi mitatu. Mwaka wa shule ukanipita, nikakaa dawati moja na mdogo wangu, hilo ndilo liliniuma kuliko mfupa. Sasa hivi mguu hausemi kitu isipokuwa Juni na Julai kukiwa na baridi. Kahawa navuna, gunia najitwika.

Pili, pipa. Ile nilipotoka hospitali nilikuta baba amekwisha kulichukua, amelisugua kwa majivu na maji ya moto. Nyumba yetu ikawa ya kwanza huku juu kuwa na pipa. Tulikingia maji ya mvua. Harusi ikitokea watu wanakuja kuazima, wananisalimia mimi kwanza, kama vile ndiye mwenye mali. Mama alikuwa anasema mguu wangu ndio uliolinunua. Hatukulitunza kwa msiba, Baba. Tulilitunza kwa sababu lilikuwa halivuji.

Tatu ndiyo ngumu. Hili sijamwambia mtu yeyote duniani, mume wangu hajui, na Mwalimu atalijua akisoma barua hii kabla ya kuifunga, maana najua ataisoma.

Ile kamba iliyofunga mapipa nyuma ya lori, ncha yake ilikuwa inaning'inia. Ilikuwa kamba nzuri ya katani, mpya. Sisi wasichana tulikuwa tunaruka kamba kwa mizizi ya mti, inakatika kila siku. Wenzangu walikuwa wanasukuma lori kwa mchezo, mimi nilikuwa nafungua fundo. Nililivuta kwa meno. Lilipoachia, lori likayumba, na pipa likaja. Kamba nilikuwa nimeishika mkononi mpaka hospitali, nesi ndiye alinifumbua vidole. Baba alidhani nimeishika kwa uchungu.

Nilikuwa na miaka saba nikaogopa kuchapwa. Nikakaa kimya mwaka wa kwanza, na ukishakaa kimya mwaka wa kwanza unaofuata ni mwepesi. Kila mvua zikianza baba alikuwa anamlaani yule dereva asiyejua kufunga mzigo, na mimi nipo pale nakula ugali. Alifariki mwaka themanini na tisa, hata wiki ile bado alikutaja. Hilo ndilo limekuwa likinichoma. Ninyi mlifunga mzigo wenu vizuri. Mimi ndiye nilifungua.

Ila nisikudanganye. Kutosimama ni kwako, siwezi kukubebea hilo. Ulitakiwa usimame. Baba yangu alikuwa na mgongo tu, wewe ulikuwa na injini.

Sasa njoo. Siku ya ufunguzi mimi ndiye ninayepika. Njoo na binti yako.

Ni mimi,
Jenista Y. Haonga


Mlowo
24 Agosti 1996

Mzee Makame,

Shikamoo. Ndiyo, niliisoma kabla ya kuifunga, na nilirudi kuisoma tena kesho yake. Kisha nilikaa mbele ya lile pipa na kibao changu mkononi nikaona kwamba katika sentensi zangu nne ni mbili tu zilizokuwa na habari kamili.

Nimemwuliza Jenista tuandike nini. Amesema, "Andika ilivyokuwa, ila mimi nitawaambia wanangu kwanza." Amewaambia. Anasema mkubwa alimcheka, mdogo alitaka kuona meno.

Nimeandika hivi: "Mtoto Jenista Haonga, wa miaka saba, alifungua kamba ili apate ya kuchezea. Pipa lilianguka likamvunja mguu. Dereva aliogopa, hakusimama. Wote wawili wapo hai mwaka huu wa 1996, na wametueleza wenyewe." Jina lako sijalitia. Litakaa au halitakaa kwa neno lako.

Judith


Tunduma
16 Septemba 1996

Mwalimu Judith,

Nakuandikia kukushukuru, na kukueleza yale ambayo hukuyaona juzi Jumamosi, maana ulikuwa na wageni, na mheshimiwa aliyekata utepe hakukupa nafasi ya kupumua.

Zakia nilimwambia kwenye basi, tulipokwisha kupita Vwawa. Nilisubiri makusudi mpaka pasiwe na muda wa mimi kubadili nia. Tuliposhuka alinishika mkono kuvuka barabara, akanishika sana, nikadhani amenikasirikia, na kweli alikuwa amenikasirikia.

Nilipoingia ukanionyesha picha ya Enoka. Nisamehe sikuisifu pale pale. Mwambie ni yenyewe, mpaka ule utelezi wa chini ya gurudumu. Nilipofika kwenye pipa nikasimama. Nyuma yangu mtu akasema, "Ni wewe?"

Nikageuka nikamwona mwanamke mrefu, amejifunga kanga kiunoni, mwiko mkononi.

"Ni mimi," nikasema.

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Mimi miaka yote nilidhani dereva ni mtu mkubwa," akasema. "Kumbe mfupi hivi. Njoo huku, wageni wanataka kula na maharage hayajachambuliwa."

Basi ndiyo maana ulinitafuta kwenye hotuba hukuniona. Nilikuwa nyuma ya ghala, nimekaa kwenye kigoda, nina ungo wa maharage magotini, natoa mawe. Zakia amepewa vitunguu.

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga, Mwalimu. Niliyapanga kwa Kiswahili kizuri tangu zamani, niliyapanga kwa ajili ya kaburi. Mbele ya mtu anayekoroga chungu hayakufaa hata moja. Yeye ndiye aliyeanza. Akaniuliza, bila kugeuka, "Ungesimama ungefanya nini?"

Nikataka kumwambia ningekubeba. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Nikamwambia, "Sijui, Jenista. Nataka kusema ningekupakia nikupeleke hospitali. Lakini nilikuwa naogopa sana, na mtu aliyeogopa vile sijui angefanya nini."

Akageuka. "Afadhali umesema hujui," akasema. "Ungesema ungenibeba, nisingekuamini, na ningekupa chakula kwa adabu tu."

Ndipo nikamwomba radhi. Nilisema, "Nisamehe kwa kutosimama." Ni hilo tu, sikuongeza. Alifuta mikono kwenye kanga, akaja akachuchumaa mbele yangu, akachukua jiwe moja kwenye ungo ambalo mimi sikuliona, akalitupa. Akasema, "Nimekusamehe. Na wewe nisamehe maneno ya baba yangu."

"Hayakunifikia," nikamwambia.

"Yalikufikia," akasema. "Ulikaa kwenye basi saa tatu na njaa, sokoni hapo nyama ya kuchoma inanukia. Mwalimu alinisomea."

Zakia akacheka. Alikuwa analia kwa vitunguu na vinginevyo, akacheka, na Jenista naye akacheka, na mimi nikajikuta nimo. Kisha tukala. Nilikula sahani mbili, kwa ushahidi wa binti yangu.

Kwenye basi la kurudi ndipo Zakia alinitolea hasira zake. Aliniuliza kwa nini nilimwacha mama yake afe hajui mume wake anaumwa nini. Nikamwambia niliogopa asinione kama nilivyojiona. Akasema, "Yeye angekupeleka Mlowo siku ile ile amekushika sikio." Ni kweli, Mwanakombo angefanya hivyo. Hilo halina dawa, nimelipokea. Tulipokaribia kwetu Zakia akaniuliza kama nasikia baridi, akanivua kofia akanifunga mtandio wake kichwani mbele ya abiria wote.

Umeniuliza juu ya jina langu kwenye kibao. Litie. Makame Haji wa Makunduchi, na Tunduma. Picha yangu pia irudishe pale ilipokuwa.

Leo mchana, baada ya sala ya adhuhuri, nilijinyoosha kidogo kwenye jamvi, nyuma ya majora ya vitenge hapa dukani. Nilikusudia kupumzisha mgongo. Zakia ananiambia wateja waliingia wakachagua wakaondoka, malori kwenye foleni ya mpakani yakapiga honi kama kawaida yao, na mimi sikugeuka hata ubavu. Alasiri aliponitikisa alikuwa ameweka chai pembeni yangu imekwisha kupoa. Anasema nilikoroma mpaka mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akauliza kama siku hizi tumenunua jenereta.

Salamu nyingi kwa Enoka, na kwa Jenista na watoto wote watano.

Ni mimi,
Makame Haji